Jina la ugonjwa ndilo linalopakua chakula

Baba yangu mdogo alirudi kutoka kliniki na kadi mpya ambayo nesi alikuwa ameandika ndani yake kipimo cha sukari ya damu, 14.2, kisha akaizungushia duara jekundu. Jioni ile mama mdogo alilitoa kopo la sukari mezani akalificha juu ya kabati, nyuma ya masufuria ya shughuli, kama mtu anavyoficha sumu ya panya. Chai ikaja bila sukari. Baba mdogo akapiga funda moja, akakunja uso: "Hii chai au mwarobaini?" Tukacheka. Kisha ukaja ugali.

Ulikuwa ugali ule ule wa siku zote, umepinduliwa kwenye sahani ukasimama kama kichuguu, pembeni matembele kidogo na kipande cha samaki. Akaumaliza wote, akanawa. Wakati wa kuondoka mama mdogo alinisindikiza hadi nje akaniambia kwa fahari, "Mwanangu, mzee hagusi tena sukari." Sikuwa na la kumjibu. Kwa lugha aliyopewa, alikuwa amefanya kila kitu sawasawa.

Hiyo lugha aliyopewa ndiyo inayonikera. Tumezoea kusema kwamba watu wakiambiwa wana ugonjwa fulani hawabadili ulaji kwa sababu ni wabishi, au hawana elimu, au wanapenda tumbo. Katika ukoo wetu nimekaa na wagonjwa wa kutosha kuamini kinyume chake. Watu hubadili ulaji, tena mara nyingi siku ile ile waliyopewa majibu. Ila wanafuata jina la ugonjwa. Daktari ana dakika chache na foleni ndefu nje ya mlango wake. Jina halina haraka, linarudi na mgonjwa hadi nyumbani, linaingia naye jikoni, na huko ndilo linaloamua nini kiondoke sahanini na nini kibaki.

Tufanye hesabu ya jikoni. Baba mdogo alikuwa mtu wa vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe viwili kwa siku. Kijiko cha chai hubeba sukari ya gramu 4 hadi 5, kwa hiyo kopo lilipopanda kabatini alipunguza kama gramu 27 kwa siku. Si haba. Sasa turudi kwenye ule ugali. Tuseme ni robo kilo ya sembe, kiasi ambacho kwa mwanamume aliyezoea kazi za mikono hakishangazi mtu. Ndani ya robo kilo hiyo kuna wanga wa gramu 190 hivi, na wanga ukishafika tumboni haubaki wanga. Huvunjwa kuwa glukosi, ambayo ndiyo sukari inayopimwa kwa tone la damu ya kidoleni. Ukiupima kwa kijiko cha chai ni vijiko kama 40, vilivyopita mbele ya familia nzima bila mtu kushtuka, kwa kuwa havikuwa vitamu.

Cha kuchekesha ni kwamba jina lenyewe halikuwahi kukusudiwa kueleza chakula. Waganga wa India ya kale waliuita ugonjwa huu madhumeha, mkojo wa asali. Thomas Willis, daktari wa Uingereza wa karne ya 17, aliandika kuhusu utamu wa mkojo huo, na mwaka 1776 Matthew Dobson akaonyesha kwamba utamu ule ni sukari kweli. Kwa hiyo jina lilitokana na kinachotoka mwilini, nasi tumelisoma kama orodha ya vinavyoingia. Kiswahili kikalikaza zaidi. Ni nadra mgonjwa kusema ana kisukari; anasema "nina sukari", "sukari imepanda", "nimekwenda kupima sukari". Kilicho kwenye damu, kilicho kwenye kopo na ugonjwa wenyewe vyote vinaitwa kwa neno moja. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeanza na kopo.

Ukilishika hilo, mambo mengi yanayowashangaza wahudumu wa afya yanaeleweka bila shida. Asali inaingia nyumbani kuchukua nafasi ya sukari, maana ni ya asili, na hakuna mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa asali. Wakati zaidi ya robo tatu ya uzito wa asali ni sukari tupu. Sembe inapisha dona. Hapa nisieleweke vibaya: dona ina pumba na kiini, ina nyuzinyuzi, hushibisha mapema, na ndiyo ninayokula mwenyewe. Lakini gramu 100 za unga wa dona, au wa mtama, au wa ulezi, bado zina wanga wa gramu 70 na zaidi. Nimeona nyumba ambamo kichuguu cha dona kilizidi kile cha sembe kilichokuwepo, kwa sababu sasa kinaitwa ugali wa dawa, na dawa haipunguzwi. Soda inaachwa, na hapo jina limefundisha vyema, maana chupa moja hubeba vijiko saba au vinane vya sukari. Ila mtu huyo huyo aliyeacha soda utamkuta asubuhi na chapati tatu na chai chungu, roho yake nyeupe kabisa.

Tena somo hili halitolewi kliniki pekee. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajijui. Wachache waliopimwa ndio wanaogeuka walimu wa mtaa, na wanafundisha walichokielewa: kopo juu ya kabati.

Presha ni kinyume chake, na kwa maoni yangu ni hatari zaidi. Neno hili lilikuwa na kazi nyingine mjini kabla halijaingia kwenye kadi ya kliniki. "Usinipe presha," mtu humwambia anayemdai. Presha ni mawazo, ni kodi ya nyumba, ni mtoto aliyefeli. Kwa hiyo aliyeambiwa ana presha anatafuta utulivu, na ndugu wanamsaidia kuutafuta. Mgonjwa wa presha hufichwa habari za msiba hadi atafutiwe mzee mwenye ulimi laini wa kumfikishia. Lakini hafichwi kichupa cha chumvi. Anakitikisa juu ya chipsi, anakitikisa tena juu ya kachumbari, na mchuzi wenyewe umeshapikwa kwa viungo vya pakiti ambavyo ukisoma nyuma utaona chumvi imetangulia. Sisi wa pwani tunaye pia papa mkavu wa chumvi, sitaki hata kuanza. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi yote ya siku kwa mtu mzima iwe chini ya gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Hakuna kitu ndani ya neno presha kinachomkumbusha mtu kijiko hicho.

Kuna jina jingine ambalo kosa lake ni kufundisha kupita kiasi: vidonda vya tumbo. Ukisikia kidonda unakiona. Unajua ndimu ikidondokea kwenye kidonda cha mguu inavyochoma, na pilipili inavyowasha, kwa hiyo unaviondoa vyote: ndimu, pilipili, machungwa, nanasi, nyanya. Maharage nayo yanaondoka kwa sababu watu wanasema yanachubua, kana kwamba yanafika tumboni na maganda makavu. Maziwa yanabaki, yanapakwa ndani kama mafuta. Nawajua watu ambao hawajagusa maharage kwa zaidi ya miaka 10. Wakienda msibani wanakula wali na kabichi, wakati maharage ni miongoni mwa protini za bei nafuu tulizonazo.

Lakini kidonda chenyewe kina historia nyingine. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, ndio waliogundua kwamba vidonda vingi vya tumbo vinahusiana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Walipobishiwa, Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe, mwaka 1984, akaugua uvimbe wa utando wa ndani wa tumbo, akaonyesha ushahidi. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi tiba ya vidonda vya aina hiyo ni mseto wa antibayotiki na dawa ya kupunguza asidi, kwa wiki mbili hivi. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Sasa mtazame mgonjwa wetu: ameacha maharage, ameacha machungwa, anakunywa maziwa ambayo hutuliza kwa muda mfupi kisha huchochea asidi, na usiku anameza diklofenaki ya mgongo aliyonunua duka la dawa bila kuulizwa swali. Diklofenaki haionekani kama kitu cha kukwaruza. Ni kidonge laini, kidogo, na tena kimetoka kwa watu wa afya.

Ni kweli kwamba hapa jina halifanyi kazi peke yake, maumivu yanalisaidia. Vidonda vinauma, na mtu aliyeumwa tumbo usiku baada ya kula maharage hahitaji kufafanuliwa na mtu. Kila tumbo na lake, na kama chakula fulani kinakuumiza, kiache. Sukari haiumi. Presha haiumi. Unaweza kula vibaya miaka mitano na mwili usikwambie kitu, hadi siku macho yanapoanza kuona ukungu au figo zinapogoma. Ndiyo maana kwa magonjwa haya ya kimya jina lina nguvu kubwa mno: hakuna sauti nyingine inayozungumza.

Gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, inanipa ushahidi wa upande wa pili. Neno hilo kwa Kiswahili halina maana yoyote, halifanani na chakula wala hisia, kwa hiyo mgonjwa analazimika kuuliza: sasa nisile nini? Na kwa kuwa ameuliza, anajibiwa, na jibu analishika. Wanaokunywa bia na kula nyama choma wanajua habari za maini, figo na nyama nyekundu kuliko wagonjwa wa presha wanavyojua habari za chumvi. Kidole gumba cha mguu kikivimba usiku wa manane, kinawakumbusha.

Wajawazito nao wana jina lao, upungufu wa damu. Damu ni nyekundu, basi kitafutwe chekundu: juisi ya rozela, bitiruti, maji ya matembele yaliyochemshwa yakageuka rangi ya divai. Sina ugomvi na juisi hizo. Ugomvi wangu ni kwamba maini, dagaa na maharage, ambayo ndiyo yenye madini ya chuma ya kutosha, hayana rangi ya kuvutia imani, na chai inayoteremshia chakula hicho hupunguza chuma kinachofyonzwa. Vidonge vya chuma vinavyotolewa kliniki vinageuza choo kuwa cheusi, na mama anaogopa, anaviacha kwenye droo. Nyekundu inaongeza damu, nyeusi inaashiria nini?

Hata hivyo tukisema dawa yake ni kueleza vizuri zaidi, tutakuwa tumemwonea mgonjwa, kwa sababu anayepewa majibu na anayeshika mwiko si mtu mmoja. Kliniki inampima baba mdogo. Chungu ni cha mama mdogo, na ndani ya chungu hicho wanakula watu saba. Ushauri wa kugawa sahani, nusu mboga, robo wanga, robo protini, unadhani kila mtu ana sahani yake. Kwenye sinia robo yako inaanzia wapi? Na mpishi akiamua kumpikia mgonjwa peke yake, mkaa ni wa pili, muda ni wa pili, na mzee mwenyewe anajiona ametengwa kama mtoto anayeugua surua. Wiki ya tatu anarudi kwenye sinia.

Kwa hiyo utafiti ninaoupenda kuliko yote katika mambo haya haukutegemea mawaidha. Ulifanyika vijiji 600 vya China na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Watu karibu 21,000, ambao walikwishapata kiharusi au walikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi na wana presha, waligawanywa kwa vijiji. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Vingine vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu, ya kutosha kupikia nyumba nzima. Baada ya miaka mitano hivi, kiharusi kilikuwa kimepungua kwa asilimia 14 kwenye vijiji vilivyobadilishiwa chumvi. Hakuna aliyeambiwa awe jasiri. Walibadilisha kilichomo kwenye kopo, basi. (Mwenye ugonjwa wa figo asijaribu chumvi hiyo bila daktari, potasiamu inaweza kumdhuru.)

Ugali tutaubadilishia kopo gani? Hapo ndipo panaponishinda kidogo, maana ugali ndicho kitu cha bei rahisi kinachojaza tumbo. Kumwambia mtu apunguze ugali bila kumwambia aongeze nini ni kumwambia alale na njaa kwa sauti ya upole. Fungu la mchicha si ghali, lakini ili mboga ijaze nusu ya sahani ya watu saba unahitaji mafungu mengi, mafuta, nyanya, na mtu wa kuyachambua yote hayo. Kupunguza sukari kwenye chai kunaokoa pesa. Kupunguza ugali kunagharimu. Nadhani hata hilo limechangia jina kupendwa: linaagiza kitu kinachowezekana.

Na ugali wenyewe usibebeshwe lawama zote. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake waliokuwa Muhimbili walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya kupima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapata wenye kisukari kuwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hesabu hizo mbili hazilingani sawasawa, kwa kuwa umri wa waliopimwa ni tofauti na mmoja ulikuwa wa vijijini tu, lakini pengo lenyewe ni kubwa mno kufutwa na tofauti hizo. Wale wa vijiji vile nao hawakuwa wanakula saladi. Walikuwa wembamba, wanalima kwa jembe la mkono, maji na kuni vinafuatwa kwa miguu. Kichuguu kile cha ugali kilikuwa mshahara wa siku nzima shambani. Baba mdogo alilima ujanani; sasa anakaa dukani kuanzia asubuhi hadi usiku, na kichuguu hakikupewa taarifa kwamba amehama kazi.

Yote haya yasingekuwa na uzito kama siku zile za mwanzo baada ya majibu zingekuwa siku kama nyingine. Sivyo zilivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Scotland na kaskazini mashariki mwa Uingereza, wakiongozwa na Mike Lean na Roy Taylor, walitoa matokeo ya jaribio liitwalo DiRECT. Waliwachukua watu ambao hawajapitisha miaka sita tangu waambiwe wana kisukari cha aina ya pili na hawajaanza insulini, wakawapa supu na vinywaji vya unga vya kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakawarudisha kwenye chakula cha kawaida taratibu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Kwa waliopata huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 4. Kati ya waliopungua kilo 15 na kuendelea, asilimia 86 walifika huko. Mwaka wa pili wengine walirudi nyuma, wakabaki asilimia 36. Na lilikuwa jaribio la nchi tajiri lenye wasimamizi wa karibu. Mtu anayemeza dawa za kushusha sukari akikata chakula ghafla bila kumwambia daktari anaweza kuanguka.

Ila angalia walichopima. Kilo. Hawakuhesabu vijiko vya sukari. Iwapo ugonjwa huu ungepewa jina la mzigo, au la kiuno, mama mdogo angeificha mizani au angeificha mikate, sijui. Ninachojua ni kwamba nguvu aliyokuwa nayo jioni ile ya kwanza, akiwa amepanda juu ya kigoda na kopo mkononi, ilikuwa nguvu ya kuhamisha lolote. Angeambiwa ugali wa mzee usizidi ngumi yake, angeukata kwa mwiko usiku ule ule na mzee asingethubutu kubisha.

Mwezi uliopita nilimpeleka baba mdogo sokoni Tandika. Muuza ndizi, mama mmoja mchangamfu, akamwamkia, akamnyooshea chana la ndizi ndogo zilizoiva, za njano tupu. "Mzee, chukua kisukari hizi, tamu kama nini."

Baba mdogo akarudisha mkono nyuma kana kwamba ameguswa na moto. "Kisukari ninacho nyumbani, mama," akasema. "Nipe hizo mzuzu." Akachukua chana mbili, za kukaanga.